Kampuni ya usalama wa mtandao: tuliifungulia Dar, mtaji ukaisha, nikairudisha mwisho wa reli, Kigoma

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za asubuhi. Mwakeye kwa watu wa Kigoma, mwangaluka kwa ndugu zetu wa Tabora.

Kila wiki napata ujumbe wa vijana waliomaliza vyuo, wengi wa Kasulu, Kibondo, Nzega na Urambo, na swali lao ni moja: "Kaka, nimesomea usalama wa mtandao, nataka kufungua kampuni yangu. Nianzie Dar au nivuke Nairobi?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo naandika yote hapa kwa sababu jambo hili liliniuma sana na sitaki mdogo wangu mwingine aumie kwa njia ileile. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni mtu wa Moshi, mimi wa Ujiji, tulisoma darasa moja chuoni. Kila mmoja aliajiriwa kitengo cha TEHAMA mahali pake, na kwa miaka mitatu tukawa tunaweka akiba ya pamoja mpaka ikafika milioni 18. Mwaka 2021 tukaacha kazi, tukaenda BRELA kusajili kampuni, tukapata cheti, TIN, leseni ya biashara, tukaanza.

Kosa la kwanza lilikuwa ofisi. Tuliamini kwamba kampuni ya usalama wa mtandao ikikosa ofisi Dar, tena pande za Mikocheni au Masaki, hakuna atakayeichukulia kwa uzito. Tukapata vyumba viwili kwa laki tisa kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi: milioni 5.4. Dalali naye mwezi wake mmoja: laki tisa. Kiyoyozi, meza, viti vya wageni, kibao cha jina mlangoni: milioni 2.6. Programu ya kukagua mianya kwenye mifumo, leseni yake ya mwaka inalipiwa kwa dola, na mtihani mmoja wa cheti cha kimataifa nao kwa dola: milioni 5. Jumlisheni. Kabla hatujaandika ankara hata moja, milioni 14 kasoro laki moja ilikuwa imeshaondoka.

Wateja tuliowalenga ni benki, kampuni za simu na bima, kwa kuwa makao yao makuu yako Dar na ndio wenye bajeti. Hapa naomba mnisome kwa utulivu. Taasisi hizo hazinunui huduma ya usalama kama mtu anavyonunua kompyuta. Zinatangaza zabuni, na zabuni ina masharti: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, barua za wateja watatu wa sekta ya fedha, wataalamu wenye vyeti vilivyotajwa kwa majina, dhamana ya zabuni. Sisi tulikuwa na miezi mitano. Tulioshindana nao ni makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu yenye matawi dunia nzima, pamoja na makampuni ya Nairobi yaliyoianza kazi hii zamani.

Benki moja ofisa wao alitupokea vizuri sana. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya mtu anayeijua kazi. Kisha akafunga daftari lake akasema: "Vijana, nimewaelewa, na kazi mnaijua. Lakini nikiwafungulia mfumo wangu mkauona mpaka uvunguni, halafu keshokutwa mkafunga ofisi mkatawanyika, nitawatafuta wapi?"

Hatukuwa na jibu. Kodi yetu ilikuwa imebaki mwezi mmoja.

Tulikuwa pia na kijana mmoja hodari, tumemfundisha miezi saba kusoma kumbukumbu za seva na kuandika ripoti inayoeleweka na mkurugenzi. Taasisi moja kubwa ikamwita, ikampa mara tatu ya tulichokuwa tunampa. Alikuja kuaga huku machozi yanamlenga. Nikamwambia nenda mdogo wangu, una wazazi wanakutegemea. Hata leo simlaumu.

Mwezi wa kumi na moja tangu tuanze, tukafunga. Viti vya wageni tuliviuza kwa jirani wa chini. Mwenzangu akarudi kwenye ajira, mimi nikapanda treni kurudi Kigoma na maboksi mawili ya vifaa. Hatukugombana, na mpaka leo ni ndugu yangu.

Nakunywa chai kidogo, nakuja na sehemu ya pili.

#2 – Mdau wa Mpanda

Mkuu endelea kushusha, tupo. Mimi nina milioni sita benki na dalali ananipigia simu kila siku kuhusu fremu moja ya Sinza. Nimemwambia asubiri kwanza.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa Mpanda, mwambie dalali asubiri sana.

Nilikaa Ujiji miezi miwili bila kufanya lolote. Mama hakuniuliza kitu, na kule kutouliza kwake ndiko kulikonielemea zaidi. Asubuhi moja mzee jirani yetu, mweka hazina wa SACCOS moja hapa mjini, akanikuta barazani. Akasema, "Mwanangu, nasikia ulikuwa unashughulika na kompyuta Dar. Njoo utuangalizie ya kwetu, imekuwa nzito."

Nikaenda naye. Kompyuta ipo juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, inatumia Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuipa viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, tarehe 14 Januari 2020. Nikainua kibodi. Chini yake kuna kikaratasi kimebandikwa kwa selotepu, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu jina la SACCOS na 123. Hilo ndilo neno la siri, na karani, mhasibu na meneja wote wanaingilia humo humo kwa jina moja la "admin". Maana yake mkopo hewa ukipitishwa, mfumo utasema admin ndiye aliyepitisha. Admin ni nani? Ni wote watatu, kwa hiyo si yeyote.

Nikauliza bakapu, yaani nakala ya akiba ya taarifa zao. Mzee uso ukachangamka. "Ipo! Kila Ijumaa tunachukua, hatujawahi kuruka." Akafungua droo ya meza hiyohiyo, akatoa diski nyeusi iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge ili isiingie vumbi. Niliheshimu sana kile kitenge. Ni watu wanaojali.

Nikaichomeka. Mafaili yamepangwa kwa tarehe, Ijumaa moja baada ya nyingine, safi kabisa. Nikasogeza macho upande wa kulia, kwenye ukubwa wa faili. Mwezi wa kwanza yana uzito wake. Mwezi wa pili pia. Kuanzia wiki ya pili ya mwezi wa tatu: 0 KB. Ijumaa iliyofuata: 0 KB. Mpaka siku ile tuliyokaa pale, mwezi wa kumi, kila faili lina jina na tarehe na ndani hamna kitu.

Nikatafuta sababu. Mwezi wa tatu karani alielekezwa asiwe anafunga programu ya mikopo mchana, wanachama wasisubiri ikifunguka upya. Bakapu inachukuliwa saa nane mchana. Faili likiwa limeshikiliwa na programu iliyo wazi, ile njia yao ya kunakili ilikuwa inaandika jina tu na kuacha kilichomo.

Mzee akavua miwani. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo hii mashine ingekufa jana?"

Nikamwambia, "Mngekuwa na daftari, mzee." Daftari lenyewe lilikuwa limeachwa kujazwa mwaka mmoja kabla. Wanachama wa SACCOS ile ni walimu, mama wa mawese na dagaa, mafundi. Akiba zao zote zilikuwa ndani ya diski moja inayozunguka kwenye mashine yenye mavumbi, katika mji ambao tumezoea umeme kukatika na kurudi kwa kishindo.

Bodi ikaitishwa. Nikawaeleza kilichotokea Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga kompyuta katika nchi nyingi duniani, mpaka hospitali za Uingereza, vikidai fidia, ilhali kiraka cha kuziba mwanya ule Microsoft walikitoa miezi miwili kabla, mwezi Machi. Hawakuuliza ofisi yangu iko wapi. Hawakuuliza hesabu zilizokaguliwa. Mjumbe mmoja aliuliza tu, "Huyu ni mtoto wa nani?" Akatajiwa. Akasema, "Basi nyumba yao naijua."

Nikawaandikia mkataba wa wiki mbili kwa laki nne. Walilipa siku ya tatu. Hiyo ndiyo ankara ya kwanza kulipwa katika maisha ya kampuni yangu, na kampuni ilikuwa na mwaka na zaidi.

Usiku ule nilimkumbuka yule ofisa wa benki: "Nitawatafuta wapi?" Dar swali lile lilinishinda. Ujiji lilikuwa limeshajibiwa na wazazi wangu kabla sijazaliwa. Kazi yetu hii, wakuu, kabla ya kuuza ufundi unauza uaminifu. Mteja anakupa funguo zake zote. Jijini uaminifu huo unaujenga kwa kodi ya pango na miaka mingi, na mtaji mdogo haufiki huko. Nyumbani unaukuta umeshawekwa akiba. Ndiyo maana nasema anzia ulipo.

#4 – Mdau wa Urambo

Mwangaluka mkuu. Nimekusoma kwa makini, maana hiyo SACCOS ni kama unasema AMCOS yetu, ushirika wa wakulima wa tumbaku. Lakini nikuulize kama ndugu: hela iko wapi huku? Laki nne unaipata mara moja, halafu? Wakulima wetu wanashika pesa masoko yakifunguliwa tu. Mwezi wa kwanza AMCOS haina hata ya karatasi. Kijana ataishi kwa kula embe?

#5 – Mleta uzi

Mwangaluka sana kaka. Swali lako ni zito, nalijibu kwa hesabu.

Baada ya ile kazi ya wiki mbili niliwaomba tuingie mkataba wa mwezi kwa mwezi, laki moja na nusu. Kwa fedha hiyo naenda mara mbili kwa mwezi, naangalia viraka, najaribu kurejesha bakapu kwenye mashine nyingine kabisa, nabadilisha maneno ya siri ya waliohama kazi, na nakaa na watumishi nusu saa kuzungumzia utapeli mpya. Wakipata shida usiku wananipigia. Mzee yule akawasimulia wenzake wa vyama vingine, nami sikutangaza popote. Leo nina taasisi 11: SACCOS, shule binafsi mbili, zahanati, wafanyabiashara wa bandarini. Ni milioni 1.65 kwa mwezi kabla ya kodi, na juu yake kuna mafunzo na kazi za mara moja. Ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kodi ya pango ni sifuri. Dar fedha hiyo ingeliwa na pango, nauli na chakula cha mchana. Hapa inamlipa kijana mmoja, inanilisha, na inabaki ya kununua vifaa.

Kwa AMCOS usidai kila mwezi. Andika mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mafungu mawili baada ya masoko. Fuata msimu wao, wala usiwalazimishe wafuate kalenda yako.

Halafu usiwasahau wafanyabiashara, hawa wanaelewa haraka kuliko wote. Kuna mmoja pale Kibirizi, hapa hapa Kigoma, anaagiza injini za boti kutoka nje. Alikuja kwangu akiwa ameshaumia: amelipa ankara ya injini, fedha imekwenda, muuzaji anasema hajaona kitu. Nikamwomba barua pepe yote tangu mwanzo. Ankara ilikuwa ileile, nembo ileile, hata salamu zilezile za kumuulizia familia. Kilichobadilika ni akaunti ya benki. Nikamwonyesha anwani ya mtumaji kwenye simu, nikaivuta kwa vidole viwili mpaka herufi zikawa kubwa kama kucha. Pale ilipopaswa kuwa "m" palikuwa na "r" na "n" zimebanana: rn. Kwa herufi ndogo za simu hakuna jicho linaloweza kuliona hilo. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Herufi moja imekula injini mbili."

Fedha ile haikurudi. Tuliripoti polisi na benki, lakini siku zilikuwa zimepita. Tulichokifanya ni kuweka utaratibu: akaunti ikibadilika, hakuna malipo mpaka apige simu kwa namba ya zamani aliyonayo, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Tukaweka na uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe yake. Utaratibu huo haukuhitaji kifaa chochote cha dola. Sasa ananilipa kila mwezi na amenipeleka kwa wenzake watatu.

Na kwa watumishi wa kaunta na mawakala, fundisheni pia vitu vidogo vya kila siku, kama kupeleka namba ya tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Watu wengi wanaifuta meseji na kunyamaza, na tapeli anaendelea na mwingine.

#6 – Mama wa Kasulu

Mwanangu, mimi ni mhasibu mstaafu, nimekaa kimya nasoma. Nina kijana wangu amemaliza diploma. Usiku kucha yuko kwenye kompyuta, ananiambia ameingia kwenye mfumo wa taasisi fulani, ameona udhaifu, na anataka kuwaandikia wampe kazi ya kuurekebisha. Anasema hivyo ndivyo wenzake wa nje wanavyopata wateja. Roho yangu haina amani. Je, ni sawa?

#7 – Mleta uzi

Shikamoo mama. Roho yako imeona sawasawa. Tafadhali mwambie asimame leo, kabla jua halijazama.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila kibali. Haisemi "isipokuwa kama nia ilikuwa njema". Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au mara tatu ya faida aliyoipata kama hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote kwa pamoja. Kijana wa miaka 22 mwenye kipaji akipata rekodi hiyo, hakuna SACCOS wala benki itakayompa funguo tena maisha yake yote.

Hao wa nje anaowasikia wengi wanafanya kwenye mifumo ambayo wenyewe wametangaza kwa maandishi: tupimeni, mipaka ni hii, zawadi ni hii. Yeye hajapewa ruhusa hiyo. Na akiandika "nimeona udhaifu wenu, nilipeni niurekebishe", mama, yule anayepokea barua anasoma vitisho. Akiukuta udhaifu kwa bahati tu katika matumizi yake ya kawaida, ipo TZ-CERT, kitengo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao chini ya TCRA, awaarifu wao na asiguse zaidi.

Nami nilikaribia kosa la namna hii kwa upande mwingine, ndiyo maana naliongea kwa uchungu. Kwa kuwa nyumbani tunajuana, taasisi moja hapa walinipa maneno ya siri yote kwa simu, hakuna karatasi. "Wewe si wetu?" Nikaanza kazi. Wiki ya pili fedha ikapungua kwenye akaunti yao, na kwa siku nne mimi ndiye niliyetazamwa. Ilikuja kuonekana ni malipo yaliyoandikwa mara mbili. Lakini zile siku nne nilitembea mtaa wa Mwanga nimeinamisha kichwa. Tangu hapo siingii kwenye mfumo wa mtu, hata wa shangazi yangu, bila barua yenye mhuri inayosema mashine zipi, kuanzia lini mpaka lini, na nani wa kupigiwa simu mambo yakienda kombo. Kujuana kunakufungulia mlango, lakini siku ya matatizo ni karatasi ndiyo inayokutoa.

Mwambie kijana, mama, kipaji chake kina soko la halali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na zilinde taarifa hizo. SACCOS ina namba za NIDA, picha, hati za mishahara za wanachama. Zahanati ina magonjwa ya watu. Shule ina watoto. Wakuu wengi wa taasisi za mkoani wanajua sheria ipo, ila hawana wa kuwashika mkono waanzie wapi. Kijana akiisoma sheria ile yote, akaielewa, ana kazi hapo Kasulu kesho asubuhi. Mlete kwangu akipenda, nitamsikiliza.

#8 – Mdau aliyeko San Francisco

Habari zenu ndugu zangu. Kwetu ni Nzega, niko huku California mwaka wa sita, nafanya kazi kwenye kampuni changa ya fani hiihii. Nimeguswa, ila naomba nipinge kidogo ili vijana wapate pande zote.

Huku chumba kimoja cha kuishi kinapita dola 3,000 kwa mwezi. Kila mwaka kuna mkutano wa RSA pale Moscone Center, mwaka 2024 makampuni zaidi ya 600 yalipanga meza, yote yanauza usalama wa mtandao, na ukizunguka ukumbini unasikia ahadi zilezile kila kona. Hata hivyo watu wanakuja. Wanakuja kwa sababu mwekezaji yuko hapa, na mteja mkubwa na mhandisi aliyewahi kuijenga kampuni kama hiyo nao wako hapa. Y Combinator, wawekezaji wa kampuni changa, wanakupa dola 500,000, ambapo 125,000 zinachukua asilimia 7 ya kampuni na zilizobaki zinageuka hisa baadaye. Palo Alto Networks, kampuni kubwa ya fani yetu, ilianza 2005 huku na bado makao yake yako Santa Clara. Mkuu, kwa taasisi 11 za laki na nusu hutajenga kitu kama hicho. Je, hauwafungii vijana ndani ya mkoa?

#9 – Mleta uzi

Kaka wa Nzega, asante kwa kusema wazi. Umesema kweli tupu, na nusu yake inanisaidia mimi.

Gharama ya jiji hilo analipa nani? Mwekezaji. Anakupa hizo dola, nawe unazipeleka kwa mwenye nyumba na kwa mhandisi, na yeye anachukua sehemu ya kampuni akitegemea ikue mara mia. Hapo hesabu inakubali. Sisi wawili tulikwenda Dar na akiba ya mishahara yetu, tukacheza mchezo wa mwenye mwekezaji. Kijana akipata mwekezaji, aende, tena aende haraka. Asipompata, jiji litamla kabla halijamjua jina.

Na historia ya fani yetu haiko kwenye jiji hilo tu. Waanzilishi wa ESET waliandika antivirusi yao ya NOD mwaka 1987 kule Bratislava, enzi hizo nchi ikiitwa bado Chekoslovakia, hakuna mwekezaji wa kuwatazama. KnowBe4, ambao kazi yao ni kufundisha watumishi wasidanganywe kwa barua pepe, yaani kazi ninayoifanya Kibirizi, walianza 2010 Clearwater, Florida, mji wa watalii wa pwani, na mwaka 2023 wakanunuliwa kwa dola bilioni 4.6. CrowdStrike wenyewe walianza California 2011, na mwishoni mwa 2021 wakahamisha makao makuu kwenda Austin, Texas.

Lakini sikatai, kuna vitu Kigoma havipo. Mtu wa kukukosoa hapatikani kirahisi: nikiandika ripoti yenye kosa hapa hakuna anayeligundua, na hilo ni hatari kwa fundi. Kwa hiyo kila robo mwaka naenda Dar siku tano. Nalala kwa mwenzangu wa Moshi, yule yule. Anasoma ripoti zangu na kuzichana kwa kalamu nyekundu. Nahudhuria mikutano ya wataalamu, nakutana na wauzaji wa vifaa, narudi. Mwaka jana taasisi moja yenye matawi mikoa mitano ya magharibi na ziwa ilitafuta mtu wa kukagua matawi yake. Makampuni ya Dar yaliweka nauli na malazi ya watu wanne mpaka Kibondo na Kakonko, bei ikapaa. Mimi nilikuwa na barua za wateja sita wa sekta ya fedha, ni SACCOS lakini ni sekta ya fedha, na hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili. Tulipata matawi ya Kigoma na Tabora. Malipo yalikatwa kodi ya zuio asilimia 5 na yakaja yote kwa wakati. Nilimpigia yule kijana aliyetuaga Dar, sasa ana uzoefu mkubwa, akachukua likizo akaja kufanya nami kazi wiki tatu.

Kuhusu intaneti, maana najua litaulizwa: Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umefika Kigoma. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, wa Masaki na wa Ujiji tulikaa gizani pamoja.

#10 – Mdau wa Uvinza

Mkuu nimeelewa yote. Mimi nina laptop moja na diski moja ya nje, na nina shangazi anafanya kazi kwenye SACCOS ya hapa. Jumatatu nianze na nini hasa?

#11 – Mleta uzi

Kaka, usiende na orodha ya huduma ishirini. Nenda na moja: mwombe meneja akuruhusu kujaribu kurejesha bakapu yao. Kabla hujagusa chochote, barua yenye mhuri. Shangazi asiwe ndiye anayekupa ruhusa, atakuwa shahidi tu.

Chukua faili la bakapu la karibuni ulifungue kwenye laptop yako, usilifungulie kwenye mashine yao, mbele ya meneja na karani. Laptop isiwe imeunganishwa na intaneti siku hiyo, na ukimaliza futa kila kitu mbele yao, muandikiane kwamba umefuta, maana hizo ni taarifa za watu. Mtafute mwanachama mmoja, meneja mwenyewe ikiwezekana, mlinganishe salio lake kwenye laptop na lililoko kwenye mfumo. Pima muda tangu mlipoanza mpaka salio limeonekana, uandike dakika kwenye karatasi.

Ikifunguka, umewapa amani ya moyo, nao watakukumbuka. Isipofunguka, funga mdomo, usimwambie mtu yeyote nje ya chumba kile, kaeni mrekebishe siku hiyohiyo. Baadaye panga nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. SACCOS ya yule mzee nakala yao ya tatu imefungwa kwa neno la siri na iko kwenye sefu ya tawi lao la Kasulu. Kile kitenge bado kinatumika, karani amekataa kukitupa.

Bei: usifanye bure. Hata elfu themanini, ila iwe na ankara na risiti, kwa sababu risiti hiyo ndiyo barua yako ya zabuni ya miaka mitatu ijayo.

Jumamosi niko Kibirizi kwa yule ndugu wa injini, anahamia programu mpya ya stoo na mzigo umefika jana usiku. Nikirudi jioni nitaendelea na waliouliza kwenye PM, nikianza na kijana wa mama wa Kasulu.